Daftari letu halikuwa na safu ya aliyekosekana

Katika kabati la ofisi ya msikiti wetu, hapa mwambao wa Kilwa, lipo daftari kubwa lenye jalada jeusi. Ni daftari la mfuko wa maziko. Lina safu nne: jina, mtaa, mwezi na kiasi. Kila familia huchangia shilingi 2,000 kwa mwezi, na siku mauti yanapobisha hodi, sanda na mahitaji yote ya maziko huwa tayari bila ya mfiwa kwenda kukopa. Sisi tuliokabidhiwa ukatibu wa kamati tumelitunza daftari hili kwa miaka kadhaa, na tulikuwa tukijivunia unadhifu wake. Tunaandika makala haya, ndugu msomaji, kwa sababu mwaka 2024 daftari hilo hilo lilitufedhehesha, na fedheha hiyo imetufunza jambo ambalo huenda likamfaa mwenye msikiti mwingine, au mwenye nyumba na jirani.

Kimbunga kilipopita

Wasomaji wetu wa Lindi hawahitaji kukumbushwa Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutahadharisha juu ya kimbunga Hidaya, na tarehe 4 ya mwezi huo kikaufikia mwambao wetu. Upepo uling'oa minazi na kuezua mapaa. Mvua ikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, mabasi yakakwama na abiria wakalala njiani. Wazee walikilinganisha na kimbunga cha Aprili 1952 kilichoupiga mji wa Lindi. Wengine wakakumbuka mafuriko ya Januari 2020 yaliyoua watu na kuwaacha maelfu bila makazi.

Kamati yetu haikukaa kitako. Katika wiki mbili tulikuwa na orodha ya nyumba zilizoezuliwa, visima vilivyoharibika na familia zilizohitaji unga, maharage na mablanketi. Ilipofika Idd el-Hajj, katikati ya Juni, tulisoma taarifa mbele ya waumini, tukaifunga kazi kwa dua. Tuliamini kwamba kila aliyeumia tumemfikia.

Miongoni mwa waliofikiwa alikuwa ndugu yetu mmoja, mvuvi wa umri wa makamo. Hatutamtaja jina, kwani ametuidhinisha kuandika kwa sharti hilo. Kimbunga hakikugusa mwili wake wala nyumba yake. Kiliivunja mashua aliyoirithi kwa baba yake, kikachukua na nyavu ambazo alikuwa hajamaliza kulipa deni lake. Tulimpa mfuko wa unga na blanketi. Akashukuru, akatia saini.

Barua ya deni

Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar, tulipokuwa tukikagua daftari tuliona mbele ya jina lake nafasi nne tupu: Mei, Juni, Julai na Agosti. Tukafanya kama tumfanyiavyo kila mwenye malimbikizo. Tuliandika barua kwa hati nzuri, tukaanza kwa Bismillahi, tukamkumbusha kwamba anadaiwa shilingi 8,000 na kwamba, kwa mujibu wa kanuni, asiyelipa miezi sita huondolewa katika orodha. Tukapiga mhuri. Hatukujiuliza swali lililokuwa wazi mbele yetu: mtu huyu aliyekuwa akisimama safu ya kwanza kila alfajiri, tumemwona lini mara ya mwisho?

Siku ya tatu mkewe alifika ofisini. Alifungua pindo la khanga, akahesabu noti na sarafu mpaka zikatimia 8,000, akazisogeza mezani. Kisha akasema, "Ustadhi, deni hilo hapo. Lakini mlipaji mwenyewe yumo ndani, na hayumo."

Tulimwomba aketi. Alisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma hesabu za hasara. Mumewe halali usiku. Usingizi humchukua karibu na alfajiri, akiwa amechoshwa na mawazo. Chakula akionja matonge mawili husukuma sahani. Pwani haendi, na hata harufu ya samaki humfanya ageuze uso. Husema moyo wamwenda mbio ilhali hakuna anayemfukuza. Hulia mchana, watoto wanapokuwa madrasa. Jirani mmoja alisema ni shetani wa baharini. Mwingine alisema ni uvivu. Wa tatu, tena mtu wa msikitini, alisema imani yake imepungua. Mwisho alitamka jambo akiwa anatazama sakafu: ile kamba ya nanga iliyosalimika ameichukua na kwenda kuihifadhi kwa dada yake, mtaa wa pili. Hakueleza kwa nini. Hatukuuliza, kwa maana tulikuwa tumeelewa.

Ama barua yetu, alisema, mumewe aliisoma mara moja tu. Akaikunja, akasema, "Hata sanda yangu nimeshindwa kuilipia."

Kosa la pili

Laiti tungalikosea mara moja tu. Usiku ule ule, baada ya Isha, tulikwenda watu wanne kumjulia hali. Tulimkuta ameketi ndani, uso umeelekea ukutani. Tulimpa pole, kisha kila mmoja wetu akazungumza. Wa kwanza alieleza fadhila za subira. Wa pili alimtajia watu waliopoteza watoto, si mashua. Wa tatu alisema kwamba mwanamume hujikaza. Nasi tuliotoka chuoni tulimpangia dalili na hoja kana kwamba tumo katika chumba cha mtihani. Yeye aliitikia kila neno: ndiyo, ni kweli, inshaallah. Tuliondoka tumeridhika. Kesho yake tukaletewa habari kwamba tangu tulipotoka hajasema neno, na kwamba akisikia hodi hukimbilia chumba cha nyuma.

Mzee mmoja wa mtaa ule, mshona nyavu, alipopata habari hizo alitujia baada ya Adhuhuri. "Wanangu," alisema, "mlikwenda kumtazama mgonjwa, mkamfanya mshitakiwa. Watu wanne wanasema, mmoja anaitikia; hilo si baraza la kujuliana hali, ni baraza la hukumu. Niachieni mimi."

Jioni hiyo alikwenda peke yake, wavu uliochanika uko begani. Alipiga hodi, akaketi kibarazani, akaanza kushona. Hakuuliza habari za mashua wala hakutoa mawaidha. Alipomaliza kipande chake alisema, "Kesho tena," akaondoka. Akaja kesho yake, na siku iliyofuata. Siku ya sita ndugu yetu alitoka, akaketi kizingitini. Wiki ya pili mzee alilalamika kwamba macho yake hayalioni tundu vizuri. Ndugu yetu akanyoosha mkono, akaichukua sindano. Hakuna aliyeshangilia. Walishona mpaka adhana ya Magharibi.

Maneno yalianza kutoka pale, mikono ikiwa kazini na macho yakiwa kwenye uzi. Alimweleza mzee kwamba kila alfajiri humwona baba yake marehemu akimuuliza, "Mashua iko wapi?" Sisi tulikuwa tumemhubiria habari ya mbao na misumari. Yeye alikuwa akiuomboleza ujana wake, jina la baba yake na heshima ya kurudi pwani akiwa na kitoweo.

Mzee hakujidai tabibu. Ni yeye aliyemwambia, "Mwanangu, hili limeupita uzi wangu. Twende hospitali, nami nitakaa nawe foleni." Sheikh wetu, aliyekuwa amekwisha kumsomea, aliliunga mkono shauri hilo, akasema kwamba kisomo hakizuii dawa, na dawa haizuii kisomo. Daktari alimsikiliza kwa muda mrefu. Alisema ni sonona iliyoandamana na wasiwasi. Akatoa dawa, akaeleza kwamba si kama za kutuliza kichwa. Nafuu yake huchukua wiki kadhaa kuonekana, na mgonjwa asiziache kwa rai yake mwenyewe. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Nyumbani, nani anakaa naye?"

Kwa nini daktari aliuliza hivyo

Tulidhani swali lile ni la adabu tu. Baadaye tulifahamu kwamba ni sehemu ya tiba.

Huzuni ni jambo la kila mwanadamu. Nabii Yaaqub (AS) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakapofuka, na hakuna mwenye akili atakayesema imani yake ilikuwa pungufu. Mtume wetu (SAW) alifiwa na Bibi Khadija (RA) na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni. Lakini ipo huzuni inayovuka mpaka. Ikikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ikamwondolea mtu ladha ya mambo aliyoyapenda, ikamharibia usingizi na chakula, ikamfanya ajione hana thamani, madaktari huiita sonona. Wasiwasi nao, katika maana ya ugonjwa, ni hofu isiyotulia hata pale ambapo hakuna cha kuogopwa. Moyo hudunda, kifua hubana, na akili hukaa ikingojea msiba ambao haujatajwa. Aghalabu maradhi haya mawili huja kwa pamoja, kama alivyoambiwa ndugu yetu.

Hili si jambo jipya kwa Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua. Alitenganisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana na ile isiyojulikana sababu, ambayo aliiona kuwa na asili yake mwilini, na kila moja akaipa matibabu yake. Na kwa mtu anayesumbuliwa na wasiwasi, alionya dhidi ya upweke.

Watafiti wa zama zetu wamefika kwenye mlango huo huo kwa njia nyingine. Mwaka 1978 George Brown na Tirril Harris walichapisha utafiti wao juu ya wanawake wa mtaa wa Camberwell, London. Waliona kwamba miongoni mwa waliopatwa na msiba mkubwa, wale wasiokuwa na mtu wa karibu wa kumfungulia moyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuangukia sonona. Msiba ulikuwa mmoja, ila aliyekuwa na wa kumwambia na asiyekuwa naye hawakuubeba sawasawa.

Karibu nasi zaidi, nchini Uganda, katika vijiji vya Masaka na Rakai ambako UKIMWI uliacha majeraha mengi, watu wenye sonona waliwekwa katika vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali. Walikutana kila wiki kwa muda wa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio madaktari waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Walizungumza juu ya misiba yao, ugomvi wao na mabadiliko ya maisha yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: sonona ilipungua katika vijiji hivyo kwa kiasi kikubwa kuliko katika vijiji visivyokuwa na vikundi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani huishi na upweke, likauhesabu miongoni mwa mambo yanayodhuru afya.

Kutokana na hayo tumejifunza kutofautisha misaada mitatu. Upo msaada wa mkono: unga, blanketi, nauli. Upo msaada wa ulimi: ushauri, habari, kumwonesha mtu njia ya hospitali. Na upo msaada wa kuwepo, yaani kukaa na mtu bila ya kumdai kitu, hata shukrani. Kamati yetu ilikuwa hodari wa ule wa kwanza na ilikuwa na maneno mengi katika wa pili. Wa tatu hatukuwa nao. Na wataalamu wanasema kwamba linalomkinga mtu zaidi si wingi wa alivyopewa, bali yakini yake kwamba akiita ataitikiwa. Mfuko wa unga uliotolewa na kutiwa saini hauleti yakini hiyo. Pengine huongeza uzito, kwa mtu aliyezoea kutoa anapojiona sasa ni wa kupokea tu.

Tuseme na haya, ili tusije tukawadhulumu watu. Wapo waliozungukwa na mapenzi ya jamaa zao na bado wakaugua, maana maradhi haya yana sababu za mwili, za kurithi na za maisha. Familia ya mgonjwa isilaumiwe kwamba haikumpenda. Tena sonona yenyewe humfukuza msaidizi. Mgonjwa hajibu salamu, hapokei simu, hufunga mlango, na rafiki hudhani amechukiwa, akajitenga. Upweke huzidisha maradhi, na maradhi huzidisha upweke. Hapo ndipo anapohitajika mtu kama yule mzee, asemaye "Kesho tena" na kesho akaja kweli.

Tanga la mashua

Sisi watu wa pwani tunajua kuomboleza. Mtu akifa, mtaa mzima huhamia kwa wafiwa. Matanga hukaliwa, majirani hupika, hitima husomwa. Watani huja na mizaha yao, wakamchekesha mfiwa asiyetaka kucheka, na hakuna anayewakasirikia, kwa sababu kila mtu anajua wamekuja kumzuia asizame. Ndani ya siku chache hizo mna tiba ambayo wazee wetu hawakuiita tiba.

Lakini mashua nayo ina tanga, na ikivunjika hakuna anayeikalia matanga. Hakuna anayepikia nyumba ambayo ufuta wake umesombwa na maji, wala mama aliyeharibikiwa na mimba changa, wala kijana aliyerudi kutoka mjini bila ya kazi aliyoifuata. Misiba hii haina siku ya tatu wala arobaini. Mwenyewe huibeba kimya kimya, na kwa kuwa hakuna maiti uani, sisi hudhani hakuna msiba.

Walivyotutangulia kinamama

Tulipokuwa tukijilaumu kwamba nyumba ile ilikuwa peke yake kwa miezi minne, tuligundua kwamba tulikosea hata katika hilo. Mke wa ndugu yetu hulima mwani pamoja na wenzake. Mwani hufanyiwa kazi wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, na atakayekosa siku hizo amekosa mavuno. Bamvua zilipofika naye hawezi kumwacha mume peke yake nyumbani, wenziwe waligawana kamba zake, wakazifunga mbegu, wakazivuna, wakamletea fedha yake kamili. Mmoja alikuwa akija kila asubuhi kuchukua maji kisimani kwao, ingawa kisima cha kwake kilikuwa karibu zaidi. Alikuja ili mwenzake apate mtu wa kusema naye dakika chache. Zile shilingi 8,000 zilizowekwa mezani kwetu zilitoka katika mwani ule.

Hawakuwa na katibu, mhuri wala taarifa. Sisi wenye daftari hatukujua, nao wasio na daftari walijua. Tena walikumbuka jambo ambalo wengi husahau, kwamba anayemuuguza mwenye sonona naye huchoka, huogopa na huweza kuugua. Kila tunapouliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" tuulize pia, "Na wewe, je, jana ulilala?"

Tulichokisoma tukakipita

Linalotuumiza zaidi ni kwamba hakuna katika hayo lililokuwa geni kwetu. Tulisoma chuoni habari ya yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (SAW). Siku hakuonekana, Mtume aliuliza, na alipoambiwa kwamba amekufa na kuzikwa, aliwalaumu masahaba kwa kutomjulisha, akaenda kumswalia kaburini. Tulisoma pia habari ya Thabit bin Qays (RA), aliyejifungia nyumbani, kichwa kimeinama, akiamini kwamba amali zake zote zimeharibika. Mtume alitambua kukosekana kwake, akauliza. Mtu mmoja akaenda kumwangalia, akarudi na habari, kisha akatumwa tena kwake na bishara njema. Tulizifundisha hadithi hizi madrasani tukazitolea hukumu za swala ya jeneza na adabu za kunyamaza mbele ya Mtume. Hatukuona kwamba zote mbili zinaanza na kiongozi aliyetazama safu na kuona pengo.

Na aliposhahidi Jaafar bin Abi Talib (RA) katika vita vya Mu'ta, Mtume aliamuru jamaa zake wapikiwe chakula, kwa kuwa yamewafika ya kuwashughulisha. Bibi Aisha (RA) naye alikuwa akiwapikia wafiwa uji wa talbina, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kwamba humtuliza mgonjwa moyo na kuondoa baadhi ya huzuni.

Historia ya Kilwa yenyewe haituachii udhuru. Ibn Battuta alipofika Kisiwani mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Alisimulia kwamba Ijumaa moja, Sultani akitoka msikitini kwa miguu, fukara mmoja alimsimamisha akamwomba nguo alizozivaa. Sultani alirudi, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Zamani tulikisimulia kisa hiki kwa ajili ya nguo. Siku hizi tunakumbuka zaidi kwamba alisimama.

Safu ya tano

Mwezi uliofuata tulitawala daftari upya. Baada ya jina, mtaa, mwezi na kiasi, tuliongeza safu ya tano, tukaiandika: "Hajaonekana." Kila Ijumaa watu watatu, mmoja wa kila mtaa, hutaja waliokosekana wiki nzima. Upande wa kinamama wana orodha yao, nasi hatuidai tuione. Anayekwenda kumwangalia aliyekosekana huenda peke yake au na mwenzake mmoja. Huenda na kazi mkononi au na kitu cha kula pamoja, si na hotuba. Haulizi, "Mbona huji msikitini?" Husema, "Tumekukosa." Na kabla ya kuondoka hutaja siku atakayorudi, kisha hurudi.

Barua za deni tumezifuta. Mwenye malimbikizo hutembelewa kwanza, na ikionekana ana dhiki, deni lake hunyamaziwa mpaka Allah (SW) ampe wasaa. Jina la mtu haliondolewi katika orodha ya kuzikwa kwa sababu ya umaskini.

Tumekubaliana pia juu ya jambo zito. Mtu akisema amechoka kuishi, au jamaa zake wakihofia hivyo, habari hiyo haingoji Ijumaa. Haachwi peke yake, vitu anavyoweza kujidhuru navyo huondolewa, naye hupelekwa hospitali siku ile ile. Kumuuliza kwa upole kama ana fikra hizo si kumtia wazo. Mara nyingi ni kumtua mzigo. Yule mama aliyehamisha kamba hakuwa amesoma hayo popote, lakini alifanya lililo sawa.

Tulitaka kumrudishia shilingi zake 8,000. Alikataa. "Mwekeeni mwingine asiyekuwa nayo," alisema. Tuliziandika hivyo.

Ama ndugu yetu, hatutasema amepona, kwa sababu mwenyewe hasemi. Ana wiki njema na wiki nzito. Dawa anaendelea nazo kwa maelekezo ya daktari. Mashua mpya hana. Huenda baharini kwa zamu katika chombo cha mwenzake, na jioni hushona nyavu na mzee. Mara ya kwanza alipokuja msikitini, alfajiri moja ya kaskazi, alisimama safu ya mwisho karibu na mlango, akatoka kabla ya dua. Tulikuwa tumeambiana mapema kwamba asifuatwe wala asipongezwe, na hakufuatwa.

Miezi ikapita. Ijumaa moja, baada ya watu kutawanyika, alikuja kwenye dirisha la ofisi. Tulidhani ana haja yake. Alisimama kidogo, akasema, "Katibu, yule kijana wa bodaboda wa kule kwetu, hajaonekana siku nne. Mama yake anasema amelala tu." Tukamuuliza ni nani anayefaa kwenda. Alitazama upande wa bahari, kisha akasema, "Niandike mimi."

Tukafungua daftari, tukaliandika jina la kijana katika safu ya tano, na pembeni yake jina la atakayekwenda. Tunamwomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, wanaoonekana na wasioonekana, na asitujaalie kuwa watu wanaohesabu michango wakasahau kuhesabu watu. Wabillahi tawfiq.